Sahani ya Aliyeitwa

Wahenga walisema, "Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo." Maana yake ni kwamba ukiitwa, nenda. Nenda hata kama unajua unaitiwa shari, kwa sababu asiyekwenda husemewa asiyoyasema na huhukumiwa akiwa hayupo. Ukishafika, keti, sikiliza mpaka mwisho. Lililo kweli lipokee, na lililo uongo likatae mbele ya macho yao. Wengi wetu hufanya kinyume. Tukiitwa tunajificha, na tukishikwa tunaitikia kila kitu ili yaishe. Modesta hakuwa hivyo, na kama angekuwa hivyo, leo mtoto wake Kija angekuwa chini ya udongo.

Modesta alizaliwa Kiseke, Mwanza, na mama yake Paskazia alikuwa mjane aliyeuza mboga karibu na stendi ya Buzuruga. Aliolewa Ukerewe, katika kijiji kilicho kando ya ziwa, si mbali na mji wa Nansio. Mumewe Revocatus alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza alikuwa kambini kwenye visiwa vya mbali, na mbalamwezi ilipotoka, wakati dagaa hawafuati taa, alirudi nyumbani kupumzika na kutengeneza nyavu. Nyumba yao ilikuwa katika uwanja mmoja na ya mama mkwe, Bibi Leonsia, mwanamke mwenye mikono isiyojua kupumzika na mdomo usiojua breki. Wifi yake Odeta, aliyeachika na kurudi kwao na watoto wake, alikaa hapo hapo.

Haikuwa nyumba ya njaa, na hilo lieleweke mapema. Dagaa walianikwa mpaka uwanja ukametameta kama fedha. Kuku walitaga chini ya ghala. Mapapai yaliiva, yakadondoka, yakaliwa na ndege. Mboga za maboga zilitambaa mpaka kwenye njia ya choo, na watu wakazikanyaga wakipita. Lakini kila kitu kizuri katika uwanja ule kilikuwa na safari yake. Dagaa waliingia kwenye magunia wakaenda mjini. Mayai yalikwenda dukani yakarudi yamekuwa sukari. Samaki aliyebaki aliwekwa mbele ya wanaume, na kichwa cha sato kilikuwa cha mkubwa. Watoto walipewa ugali wa muhogo na mchuzi, na asubuhi chai ya rangi iliyotiwa sukari mpaka ikanata, pamoja na andazi. Walishiba. Hakuna mtoto aliyelala akilia njaa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejiuliza neno.

Tena kulikuwa na mwiko. Katika ukoo ule mtoto ambaye hajaanza kusema halishwi samaki. Walisema samaki hukaa majini maisha yake yote bila sauti, na mtoto akimla kabla hajapata sauti yake, atakuwa bubu. Bibi Leonsia alikuwa amewalea watoto wake wote kwa mwiko huo na wote walikuwa hai, wenye afya, na kwa kusema hakuna aliyewashinda kijijini. Kitu kimoja tu alikisahau. Watoto wake walinyonya mpaka walipoanza kusema. Ziwa la mama lilikuwa likijaza pengo ambalo samaki aliliacha.

Kwa Kija haikuwa hivyo. Modesta alishika mimba nyingine mapema, na kama ilivyo desturi, Kija akaachishwa ziwa upesi kwa kuwa walisema maziwa ya mjamzito ni sumu. Mtoto akawa hana ziwa, na samaki hajaruhusiwa. Akabaki na ugali, mchuzi na chai.

Baada ya muda mashavu ya Kija yalianza kujaa. Wanawake waliokuja kuchota maji walimsifu. Odeta, ambaye kinywa chake hakikupitwa na mzaha, alimwambia Modesta, "Wifi, huyu unamlisha nini tukiwa tumelala? Ana mashavu kama diwani." Modesta alicheka. Siku iliyofuata hakucheka tena, maana alikuwa mwanamke wa kutazama. Aliona kwamba mtoto aliyenona hucheza, lakini wake anakaa pale pale alipowekwa kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Nywele zake zilikuwa nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi. Ngozi ya miguu ilikuwa ikibanduka. Siku moja akimwogesha, alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na bonde likabaki pale pale, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa. Modesta alilitazama bonde lile mpaka maji ya beseni yakapoa.

Hakumuuliza mtu. Alimfunga Kija mgongoni akaenda Nansio kwenye kliniki. Muuguzi alibonyeza mguu kama yeye alivyofanya, akapima mkono kwa utepe, akamwambia kwamba yale si mafuta, ni maji, na ugonjwa unaitwa unyafuzi. Alimpa Kija chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, akamtazama anavyokilamba, akasema ana bahati kwa sababu bado anatamani kula. Angekataa, wangemlaza siku hiyo hiyo. Kisha alimweleza Modesta mambo ya sufuria. Alisema ugali ni kuni: unawasha moto, lakini nyumba haijengwi kwa kuni. Mtoto anajengwa kwa samaki, mayai, maharage, karanga, na mboga na matunda ya kila siku. Alimpa mifuko ya chakula dawa kile ya kwenda nayo nyumbani, akamwambia awe anamleta kila wiki, na akamwonya juu ya jambo moja. Maji yakianza kutoka mwilini, mtoto ataonekana amekonda sana. Watu watasema anakufa. Asiogope, ndipo anapopona.

Modesta alirudi na maneno yale kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja. Bibi Leonsia alipoyasikia, aliketi chini. Hakuwa mwanamke mbaya; alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake. Lakini alikuwa amekwisha kuona watoto waliovimba namna ile wakizikwa, na kwa watoto wa namna ile alikuwa na jina lake la zamani. Alisema mtoto amebemendwa. Yaani mama yake ametoka nje ya ndoa mtoto angali mchanga, na uchafu umemwingia. Akasema dawa za hospitali zikikutana na jambo hilo zinaua. Dawa ni moja: mama ataje jina la mwanamume mbele ya ukoo, kisha mtoto aogeshwe kwa majani. Akaichukua mifuko ya chakula dawa akaifungia sandukuni mwake.

Maneno yalienea kama moto wa nyasi kavu. Haukupita muda, mtu akatumwa kuleta wito. Mzee Chenge, kaka wa marehemu baba mkwe wake na mkubwa wa ukoo, alikuwa anamtaka Modesta nyumbani kwake Jumapili baada ya misa, pamoja na mtoto. Ilikuwa mbalamwezi, Revocatus alikuwa amerudi, naye pia aliitwa. Kila mtu alijua wanachoitiwa. Modesta akikiri, mtoto angeogeshwa majani na asingerudishwa kliniki tena. Akikataa, angerudishwa kwao na mtoto angebaki. Kwa njia zote mbili Kija angekosa chakula kile.

Alimpigia mama yake simu. Paskazia alilia, akamwambia apande kivuko kesho yake alfajiri na mtoto mgongoni, aje Kiseke, wakagombane huko kwa mbali. Modesta alimsikiliza mpaka alipomaliza. Ndipo akasema, "Mama, nikikimbia watasema nimekiri kwa miguu. Nitakwenda. Wewe niombee nisitetemeke sauti."

Jumapili ile alipokea komunyo, akatoka kanisani moja kwa moja na kitenge chake kizuri, Kija akiwa mgongoni. Sebule ya Mzee Chenge ilijaa. Wazee walikuwa kwenye viti, akina mama kwenye mkeka karibu na mlango, na Revocatus kwenye stuli, akitazama vidole vyake vya miguu. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Modesta alipiga magoti akawaamkia wote mmoja mmoja, shikamoo Baba, shikamoo Mama, mpaka wakaishiwa marahaba. Kisha akakaa alipoonyeshwa.

Mzee Chenge alianza kwa upole. Alisema pale si polisi, ni nyumbani. Alisema hata watu wa Biblia walianguka. Akamwambia ataje jina, awe mtu wa mbali au wa pale pale kijijini, wao wenyewe watalifukia na hakuna atakayeliokota.

"Mmeniita, Baba, nimekuja," alisema Modesta. "Jina sina."

"Mwanzo wanasema hivyo hivyo wote," alisema Odeta kutoka mlangoni, na akina mama wakacheka kwa chini.

Mzee Chenge hakucheka. Aliinama mbele. "Ukinyamaza mtoto anakufa. Utamuua mwanao kwa kuogopa aibu?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu kufa kwa Kija ndiko alikokuwa akikuogopa mchana na usiku. Kwa muda mfupi ilimjia kwamba angeweza kutaja jina lolote, la mtu aliyekwisha kufa hata, na yote yangeisha. Alimgeuza mtoto kutoka mgongoni akamweka mapajani. Akaona miguu ile iliyovimba, akakumbuka kwamba jina halina nyama wala mboga ndani yake.

"Baba, mnataka niseme uongo mbele ya Mungu ili mtoto apone," alisema. "Mungu anaponya kwa uongo tangu lini? Asubuhi hii nimempokea kwa mdomo huu huu. Amri inakataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani wa karibu niliye naye ni nafsi yangu. Sitajishuhudia uongo. Na kama ni kutoka nje ya ndoa, mbona anaulizwa mmoja? Mimi nimelala hapa, ukuta mmoja na Mama, akikohoa nasikia, nikigeuka anasikia. Aliyelala kambini ni nani?"

Mzee mmoja aliyekuwa amevua dagaa ujana wake wote alishikwa na kikohozi kisichoisha. Akina mama waliinamisha vichwa ili wasionekane nyuso. Revocatus alizidi kutazama vidole vyake, na hilo ndilo lililomuuma Modesta kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Mumewe hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Mzee Chenge alipandwa na hasira. Alisema mwanamke wa mjini amekuja kuwafundisha wazee. Akakata shauri pale pale: baada ya chakula Modesta akafungashe, kesho apande kivuko aende kwao akatafakari, na mtoto atabaki kwa bibi yake, aogeshwe.

Chakula kikaletwa. Katika ukoo ule kulikuwa na desturi moja nzuri, ya zamani kuliko mwiko wa samaki: aliyeitwa kikaoni haondoki na njaa, hata awe mwizi. Hupewa sahani sawa na mzee. Basi Modesta naye aliletewa yake, ugali na kipande kinono cha sato, mboga ya maboga pembeni. Walidhani atakataa kwa uchungu, au atakula akilia. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafanya ishara ya msalaba. Akageuka upande kidogo kwa heshima ya wazee. Halafu akaanza kuchambua miiba. Aliichambua polepole kama mwanamke anayechagua mchele, akaponda mnofu kwa vidole pamoja na mboga, akampa Kija mdomoni.

Sebule nzima iligeuka kumtazama. Kija alilamba. Akafungua mdomo tena.

Bibi Leonsia aliinuka kwenye mkeka mikono kichwani. Alisema kwa sauti ya mtu anayeona nyumba ikiungua, "Modesta, utamfanya bubu."

"Mama, akiwa bubu na yuko hai, nitamsemea mimi," alisema Modesta bila kugeuka. "Akifa, mtamsemea nini?"

Aliendelea kulisha. Mnofu ulipokaribia kwisha, kitu kilikwaruza sakafuni karibu na goti lake. Revocatus alikuwa ameisukuma sahani yake, na sato wake mzima juu yake. Macho yake yalikuwa bado chini. Modesta aliichukua nayo akaanza kuichambua.

Mtoto alipotosheka, alimfuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akamgeukia mkubwa wa ukoo. Alimwambia kwa adabu kwamba kivuko cha kesho hatapanda. Wao ndio waliomwingiza katika ukoo ule kwa ndoa ya kanisani, naye hajapata kusikia kikao kinachofungua kilichofungwa altareni. Akamwomba Bibi Leonsia amrudishie mifuko iliyo sandukuni, na kama hatapewa, atakwenda kliniki kuomba mingine kila siku mpaka njia ichoke. Mzee Chenge alitazama dirishani. Alisema mvua ni kubwa na watu wana mifugo ya kufungia, kwa hiyo kikao kimeahirishwa.

Jioni ile Bibi Leonsia alifungua sanduku, akaitupa mifuko mlangoni kwa Modesta kama mtu anayenawa mikono. Tangu siku hiyo Modesta alipika chungu chake. Kabla magunia ya dagaa hayajafungwa alichota bakuli lake, akawachambua, akawaosha na kuwachemsha, akawasaga kinuni, akawatia kwenye uji. Mayai ya kuku wake hayakwenda tena dukani. Alichuma mboga za maboga zile zilizokuwa zikikanyagwa, akaziunga kwa karanga. Mapapai aliwahi kabla ya ndege. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mjamzito, alikula vile vile, hadharani, akiwa ameketi kizingitini mlango wazi, na waliopita njiani wakiguna aliwakaribisha chakula. Odeta alimwita mama mchungaji wa dagaa. Modesta aliitika, "Bee, wifi." Kila wiki alimfunga Kija mgongoni, akaenda Nansio na kurudi.

Ndipo likaja lile aliloonywa. Maji yalitoka. Mashavu ya diwani yakayeyuka, na chini yake akatokea mtoto mwembamba kama kijiti, mbavu zikihesabika, macho yakiwa makubwa kuliko uso. Kijiji kizima kilimwona. Watu walisema amekwisha, samaki wamemmaliza, na wengine wakaacha kumsalimia Modesta.

Bibi Leonsia alimwita. Safari hii hapakuwa na wazee. Alimwita jikoni kwake, akiwa na beseni la majani yanayotoa mvuke, na machozi yakimtiririka. Alimwambia hataki jina tena, hataki kujua lolote. Anataka tu kumwogesha mtoto, na Modesta aache vyakula vile, warudi kwenye uji mweupe na chai, vitu laini, mpaka mtoto akate roho kwa amani au apone.

Modesta alikuwa amekwenda alipoitwa, akakaa kwenye kigoda alichopewa. Na niseme ukweli, pale moyo wake ulitikisika kuliko kwa Mzee Chenge, kwa sababu kumkatalia anayekufokea ni kazi nyepesi, kumkatalia anayelia ni kazi nzito. Hata yeye mbavu zile zilimtisha. Alishika rozari iliyokuwa mfukoni, akajikumbusha maneno ya muuguzi moja baada ya jingine. Kisha akambonyeza Kija mguu mbele ya bibi yake. Ngozi ilishuka, ikarudi. Hapakubaki bonde.

"Mama, tulichokiona mwanzo kilikuwa maji," alimwambia. "Huyu ndiye Kija mwenyewe. Sasa ndiyo tunaanza kumjenga. Majani sitaki, lakini mikono yako naitaka. Nishikie, nikamsagie dagaa."

Bibi Leonsia alimpokea mtoto, akakaa naye mapajani, beseni likapoa pembeni yao.

Mtoto hajengwi kwa siku moja. Lakini mbalamwezi haikuwa imerudi tena wakati Kija alipoanza kutambaa kumfuata paka aliyemwibia mfupa, akamvuta mkia. Kilio chake, ambacho kilikuwa kimepungua mpaka kikawa kama cha kifaranga, kilirudi kuwa kilio cha kuitisha majirani. Nywele nyeusi ziliota chini ya zile nyekundu. Alisimama kwa kushika ukuta, kisha bila ukuta. Asubuhi moja Modesta aliamka akakuta Bibi Leonsia ametia yai kwenye sufuria yake bila kuombwa. Na siku nyingine alimkuta Odeta nyuma ya jiko, amempa mgongo, akimchambulia mwanawe mdogo miiba ya sato. Odeta alishtuka kama aliyefumaniwa. Modesta alipita kana kwamba hakuona.

Hapo tena haikuwa siri. Mwaloni, kwenye soko la dagaa kando ya ziwa, wanawake waliokuja kununua walianza kuwauliza wanaume wa ukoo ule kama ni kweli kwamba kwao baba hula minofu na mtoto hunywa mchuzi. Mzee Chenge alitaniwa mpaka kanisani. Basi akaona jambo lile lifungwe. Akatuma wito kwa mara nyingine.

Sebule ilikuwa ile ile na watu ni wale wale. Modesta, ambaye sasa tumbo lake lilikuwa kubwa, aliwaamkia mmoja mmoja kama mwanzo. Kija hakukaa mgongoni. Alizunguka katikati ya viti akishika magoti ya wazee, na mzee wa kikohozi alimpa fimbo yake aichezee. Kreti ya soda ilikuwa imewekwa pembeni kama mahali penye sherehe. Mzee Chenge alisimama, akakohoa, akasema maneno mazuri. Alisema Mungu ni mkubwa. Alisema mtoto amepona, na mtoto akipona hakuna haja ya kuchimba yaliyopita. Basi ukoo umekaa, umeona, na umeamua kumsamehe Modesta. Kilichobaki ni yeye kusema asante mbele ya watu, wafungue soda, na neno lile lisisikike tena milele.

Watu walipumua. Akina mama walianza kumpigia vigelegele. Bibi Leonsia alimwangalia kwa macho ya kumsihi apokee yaishe, na mtu mwingine yeyote angepokea. Lilikuwa jambo dogo, neno moja, na lingempa amani mpaka uzee wake.

Modesta alisubiri vigelegele viishe.

"Nashukuru kwa kuniita, Baba," alisema. "Lakini msamaha huo sitauchukua. Msamaha hupokewa na aliyekosa. Nikisema asante leo, huyu akikua ataambiwa mama yake alitenda, ila wazee walikuwa wema. Sikutenda. Mtoto alikosa chakula, na chakula kilikuwa uwanjani. Mkitaka kunipa kitu, nipeni hilo neno, mlitamke hapa hapa lilipotamkwa lile la kwanza. Kama hamwezi, basi tusalimiane tu, mimi nirudi nikapike. Sina chuki na mtu."

Mzee Chenge alisema kwamba yeye ni mwanamke mgumu, hajapata kuona. Modesta akajibu, "Ndiyo, Baba," na akabaki ameketi.

Wazee walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Ndipo stuli iliyokuwa karibu na ukuta ikasukumwa nyuma. Revocatus alisimama. Hakuwa mtu wa maneno na kofia yake ilikuwa ikizunguka mikononi, lakini safari hii hakutazama vidole vyake.

"Mke wangu hakutenda," alisema. "Nilijua hivyo tangu siku ile, nikanyamaza. Mama anajua. Hata wewe Baba Mkubwa unajua."

Kila mtu alimtazama Bibi Leonsia. Alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga, kisha akaishusha. "Hakutenda," alisema.

Mzee Chenge alikaa. Alimtazama Kija anavyoiburuta fimbo sakafuni na kuwagonga watu miguu. Alikuna kidevu, akatazama kreti ya soda, akatazama dari. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe, kwamba kama ni hivyo, basi hakutenda, na aliyesikia akawaambie wengine.

Modesta alipiga magoti akamshukuru. Walipofungua soda alisema yeye atakunywa maji. Akaagana na wote kwa heshima, akamshika mtoto wake mkono, wakatoka wakitembea. Odeta alimfuata nyuma mpaka njiani, akamuuliza kwa mzaha kama hakuogopa kuja, maana angeweza hata kusingizia mimba nzito akabaki nyumbani. Modesta alimwambia kwamba wakimwita tena kesho atakuja tena, na kama wataongeza uongo mwingine ataukataa huo pia. Ndiyo maana wazee wetu hawakukosea waliposema: mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo.